Mama Laini na mistari arobaini na mmoja ya kusubiri

Saa nne kasorobo asubuhi, taa ya kijani kwenye kompyuta kuu ya kiwanda cha oksijeni inazimika. Feni yake inakohoa mara mbili, kisha inanyamaza, na chumba kizima kinakuwa kimya hadi unamsikia mtu wa chumba cha pili akikoroga chai.

Fundi wa umeme anatoka mbio. Karani wa maombi anajishika kichwa. Katikati ya kizaazaa hicho, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, anasogeza kiti nyuma, anaweka mikono mapajani na kutulia tuli.

"Bibi kaanguka," anasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba mvua imeanza. "Mwinueni polepole. Na mtu asiguse kitu kingine chochote."

Bibi ni hiyo kompyuta kuu. Wameipa jina hilo kwa uzee wake na kwa maringo yake. Mwanamke naye ana jina lake la kazini. Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, wote humwita Mama Laini.

Kiwanda chenyewe ni jengo la bati nyuma ya hospitali, lenye mashine mbili zinazonguruma kutwa nzima na uzio wa waya uliojaa mitungi mirefu ya chuma. Vituo vya afya hamsini na vinane vinategemea hewa inayotoka hapa. Kila kituo kina kompyuta ndogo. Muuguzi anaandika anataka mitungi mingapi na ya mgonjwa gani, anabonyeza, ombi linasafiri hadi kwa Bibi, Bibi anatenga mitungi na kurudisha jibu, lori linapakia.

Sasa Bibi yuko chini, na vituo vyote hamsini na vinane vinaongea na ukuta.

"Huenda muda huu kuna mtu kabonyeza," anasema Mama Laini. "Wapi? Sijui, na siwezi kujua mpaka Bibi aamke. Lakini programu iliyoko huko haijakata tamaa. Inagonga, inasubiri, inagonga tena. Nimeifundisha adabu."

Adabu hiyo ni mistari arobaini na mmoja tu, iliyoandikwa kwa Python, mojawapo ya lugha ambazo watu hutumia kuiambia kompyuta cha kufanya. Ameichapa kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Mwandishi wa makala haya alitegemea kuona kitu cha kutisha. Alichokiona hakikufika hata nusu ya barua ya kuomba kazi.

Juu kuna neno lenye maana ya "jaribu". Chini yake kuna neno la "ikishindikana". Na chini zaidi kuna neno ambalo Mama Laini hulisoma kwa Kiswahili bila kusita, akiligusa kwa kidole: lala.

"Lala sekunde mbili. Amka, jaribu. Imekataa? Lala nne. Imekataa? Lala nane. Kumi na sita. Kila ukikataliwa, unampa mwenzako muda zaidi wa kuvuta pumzi. Basi! Ndiyo hiyo."

Ndiyo hiyo, anasema. Lakini ukimsikiliza mwanamke huyu kwa nusu saa, unaanza kuiangalia ile karatasi kwa macho mengine kabisa.

Kabla ya kukubali kuhojiwa, alitoa sharti moja. Katika kituo cha ng'ambo ya mto kuna mkunga ambaye Mama Laini huongea naye kwa simu karibu kila wiki. Hawajawahi kuonana. Wanaitana dada na mdogo wangu, wanaulizana habari za watoto, wanacheka. Na kwa miaka miwili sasa kuna jambo ambalo Mama Laini hajamwambia.

"Jambo lenyewe nitakwambia lote," alimwambia mwandishi. "Ila nisipomwambia yeye kwanza, kwa mdomo wangu mwenyewe, usiandike hata mstari. Nastaafu baada ya miezi minne. Sitaki kuondoka nalo."

Kwa miaka thelathini na mmoja, Mama Laini alikuwa opereta wa simu wa hospitali. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha karibu na mapokezi, kofia ya vipaza sauti kichwani, akiunganisha simu mia nne kwa zamu moja. Wodi na maabara, maabara na chumba cha upasuaji, ndugu wa mgonjwa na daktari asiyetaka kupatikana. Alijua sauti za watu elfu moja na sura za watu hamsini.

Kisha ikaletwa mashine ya simu inayojiunganisha yenyewe. Siku tatu, basi, chumba kikageuzwa stoo ya mashuka.

"Waliniambia niende kitengo cha kompyuta," anakumbuka. "Wakanipa kiti karibu na mlango. Kazi yangu? Kufungua mlango! Mshahara uleule, ambao ulikuwa haujapanda kwa miaka saba, na nusu yake inaishia kwenye kodi ya nyumba na dawa zangu za presha. Nikasema, haya, mimi sasa ni bawabu mwenye kiyoyozi."

Kitini pale alichoka. Akaanza kuchungulia vijana wa kitengo walivyokuwa wakiandika programu. Akauliza swali moja, akauliza la pili. Bintiye alikuwa ameacha nyumbani kompyuta kuukuu na daftari la masomo yake ya chuo, na Mama Laini akawa anafanya mazoezi mezani, chakula cha mchana kikipoa pembeni.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa utani, ambaye kibanda chake kiko mita chache kutoka mlango wa nyumba yao. "Nilidhani mke wangu kapagawa," anasema, akicheka hadi sindano zinamdondoka mdomoni. "Anakaa anaisemesha kompyuta. Anaigombeza! Nikamuuliza, mama, inakujibu? Akaniambia, inanijibu kuliko wewe."

Miaka mitatu baadaye kitengo kilipewa kazi ya kuandika programu ya maombi ya oksijeni, na vijana wawili waliokuwa wakiandika wakapata kazi kwingine. Akabaki mwanamke wa mlangoni. Mkuu wa kitengo alimkabidhi shingo upande.

Hapo ndipo lilipoanza lile jambo.

Programu ya kwanza ya Mama Laini haikuwa na neno lala. Aliiandika kwa moyo wa mtu aliyewahi kusikia ndugu wa wagonjwa wakilia kwenye simu. Ombi likishindwa, litumwe tena. Likishindwa tena, litumwe tena. Papo hapo, bila kupumzika, hadi lipokelewe.

"Niliona nimefanya jambo la huruma," anasema. "Nilisema moyoni, oksijeni ni pumzi ya mtu, usikubali kuambiwa haiwezekani. Nikaipenda ile programu kama kifungua mimba wangu."

Mwaka juzi, asubuhi moja ya mvua, mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Vituo zaidi ya arobaini vikajikuta vinagonga kwa Bibi kwa pamoja, kila sekunde, bila kukoma. Bibi akaelemewa. Na hapa ndipo pana jambo ambalo Mama Laini anasema hakulijua, na akilieleza anainua kidole juu ili usilipite harakaharaka.

"Ombi lilikuwa linafika," anasema. "Linafika! Bibi analiandika, anatenga mitungi. Kinachopotea ni jibu, njiani wakati wa kurudi. Kule kituoni programu haijaona jibu, inadhani haikusikika. Inaomba upya. Bibi naye anadhani ni ombi jipya. Unaona balaa hilo?"

Zahanati ya mlimani, yenye vyumba viwili na muuguzi mmoja, iliomba mitungi miwili. Programu iliomba mara kumi na saba.

Dereva wa lori, anayeitwa Breki kwa sababu ambazo abiria wake huzijua, anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Nimepakia mitungi thelathini na minne, napanda mlima na utelezi ule, nasema leo huko kuna maafa. Nafika, muuguzi ananitolea macho. Ananiuliza, mnatuhamishia kiwanda? Tukaipanga barazani, tukaipanga ndani, ikafika mpaka mlango wa choo. Mzee mmoja mgonjwa akauliza kama ile ni mabomu."

Breki anacheka, kisha anaacha kucheka. Naye anajua kilichofuata.

Wakati lori linapanda mlima, mkunga wa ng'ambo ya mto alikuwa na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mtungi wake unakwisha. Aliomba mmoja. Jibu likamrudia kwenye kioo kwa maneno manne: ombi limeshindikana, mitungi imekwisha.

Mkunga akachukua mfuko wa mpira wa kumpumulisha mtoto na kuanza kuuminya kwa mkono. Pumzi moja, pumzi nyingine, mara arobaini kwa dakika. Vidole vilipokufa ganzi alimwita mfagizi wa wodi, akamfundisha palepale, wakawa wanapokezana. Waliendelea hivyo kwa saa tatu na dakika arobaini, hadi dereva wa lori alipopigiwa simu, akapakia upya baadhi ya mitungi ya mlimani na kuvuka mto.

Hebu piga hesabu mwenyewe. Ni karibu mara elfu tisa. Mara elfu tisa mikono ya wanawake wawili ilimwazima mtoto pumzi, mvua inapiga bati juu, na hakuna aliyewaambia kama msaada unakuja. Mwandishi aliposikia hesabu hiyo aliweka kalamu chini kwanza.

Mtoto alipona. Ni msichana, na mkunga husema siku hizi anakimbia mpaka wanamfungia geti.

"Sifa zote ni za Mungu," anasema Mama Laini kwa sauti ya chini. "Lakini mimi siku ya tatu nilisoma kumbukumbu za Bibi, mstari kwa mstari, saa kwa saa. Nikaona ombi lilelile mara kumi na saba. Nikajua ni mkono wangu."

Alikwenda kwa mkuu wa kitengo na karatasi mkononi. Mkuu akaisoma, akavua miwani, akamwambia mambo haya ni ya mtandao, andika mtandao. Ripoti ikaandikwa hitilafu ya mtandao. Kila mtu akaulaani mtandao, na mtandao haukujitetea.

Mama Laini akanyamaza. Lakini hakulala. Kwa wiki sita aliivunja programu yake na kuijenga upya, na kila mstari aliuchota kwenye kile chumba kisicho na dirisha.

Kusubiri kunakoongezeka maradufu ni desturi ya opereta. Laini ya daktari ikiwa na shughuli, huigongi kila sekunde; unampa nafasi, kisha nafasi kubwa zaidi, mpaka dakika mbili. Hapo haiongezeki tena, kwa sababu mgonjwa naye ana haki yake.

Lakini watu hamsini wakisubiri muda uleule, watarudi kwa pamoja na kukanyagana mlangoni. "Kwenye simu nilikuwa nawatawanya," anasema. "Wewe mama, nipigie baada ya dakika mbili. Wewe baba, baada ya tatu na nusu. Wanadhani nina sababu. Sina! Nataka tu wasigongane." Kwa hiyo kila kituo sasa hujipigia kura yake ya siri na kuongeza au kupunguza sekunde chache. Hakuna vituo viwili vinavyorudi kwa mpigo mmoja.

Na si kila kukataliwa ni kwa kurudiwa. Laini ikikatika, piga tena. Ukiambiwa namba hiyo haipo, hata ukipiga mpaka kesho haitakuwepo. Ombi lililojazwa vibaya humrudia muuguzi mara moja ili alirekebishe. Bibi naye akisema nipeni dakika tano, programu inampa dakika tano kamili bila kubisha. Na ikipita dakika ishirini bila mafanikio, programu inakubali yaishe, inalia kengele na kuonyesha namba ya simu kwa herufi kubwa, ili binadamu aongee na binadamu.

Likabaki la mitungi thelathini na minne. Hilo lilimshinda. Alizunguka nalo siku tisa, akaunguza sufuria mbili, hadi mumewe akamuuliza kulikoni. Akamweleza.

Fundi cherehani alisikiliza huku akikata kitambaa. Kisha akanyanyua kipande cha karatasi chenye namba, kilichobanwa kwa pini kwenye gauni la mteja.

"Mama," akamwambia, "mteja akija mara tatu kuulizia gauni lake, mimi namshonea magauni matatu?"

Mama Laini anasema alimwangalia mumewe kama ndiyo kwanza anamwona. Kesho yake kila ombi lilipewa namba yake, inayozaliwa muuguzi anapobonyeza na haibadiliki hata ombi likirudiwa mara mia. Bibi akiona namba aliyokwisha kuipokea, hatengi mitungi mingine. Anarudisha jibu lilelile la mwanzo.

"Mume wangu anajidai mpaka leo," anasema Mama Laini. "Akiona kompyuta yoyote mahali popote anauliza, hii nayo inatumia pini zangu?"

Saa nne kasoro dakika nne. Fundi wa umeme anapiga kelele kutoka nje kwamba tayari. Taa ya kijani inawaka. Feni inakohoa, inazunguka. Karani anasogea kwenye kioo, na hata Breki ameingia na kofia yake mkononi, ingawa hakuna aliyemwita.

Mama Laini hanyanyuki. Mikono bado iko mapajani.

Kioo ni kitupu. Sekunde tatu. Tano. Kisha unatokea mstari mmoja, ombi la kituo cha stendi, mitungi mitatu. Bibi anajibu. Kimya kidogo. Mstari wa pili. Kimya. Wa tatu na wa nne inafuatana kwa nafasi ya kupumua tu.

Hayo ndiyo mandhari yote, na mtu asiyejua angepita bila kugeuka. Lakini anayejua anasisimka mwili. Huko nje, kwenye wodi ambazo hakuna aliyemo chumbani humu anayeziona, mashine ndogo zimekuwa zikigonga mlango uliofungwa, zikirudi nyuma, zikihesabu sekunde zake, zikigonga tena. Sasa mlango umefunguka na hakuna hata moja inayosukuma. Zinaingia moja moja. Bibi, mzee wa watu, hatetereki.

"Haki ya Mungu," ananong'ona karani, ambaye huyaona maombi haya kila siku ya kazi.

Mstari wa tisa unatokea. Kituo cha ng'ambo ya mto. Mtungi mmoja, mtoto mchanga, haraka. Pembeni programu imeandika: jaribio la tisa, dakika sita tangu kubonyezwa. Limehesabiwa mara moja tu. Mtungi mmoja umetengwa.

Breki ameshatoka. Mlango wa lori unasikika ukifungwa.

Mama Laini anavaa miwani, anausoma mstari ule kutoka mwanzo hadi mwisho, anaivua tena. Anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Haoni haya. "Mara nane," anasema. "Mara nane inaambiwa hapana, na haikumkanyaga mtu."

Kabla hajamaliza kufuta macho, simu ya mezani inalia. Ni mkunga. Sauti yake ni ya juu na ya haraka, na chumba kizima kinaisikia hata bila kipaza sauti.

"Dada! Imejibu! Kompyuta ilikuwa inaniandikia nasubiri, nasubiri, mi nikasema leo tena? Mtungi umebaki robo, mtoto mwenyewe ndiyo kwanza ana siku mbili. Lori linakuja?"

"Limeshatoka, mdogo wangu. Baada ya saa moja na nusu litakuwa hapo."

"Basi robo itatosha. Mungu akubariki, dada. Nilikuwa nawaambia wenzangu hapa, hiyo programu kaiandika mtu mwenye moyo. Wewe ni malaika, Mama Laini."

Unaweza kumsifia mtu hadi ukamuumiza. Mama Laini amefumba macho, simu imemkaa sikioni, na mkono wake wa pili umeshika ukingo wa meza. Karani anainama kwenye karatasi zake. Mwandishi anaangalia pengine. Kila mtu anajua kwamba ni sasa au hapatakuwa na siku nyingine.

Anapiga moyo konde.

"Mdogo wangu, una dakika moja? Kaa chini. Mimi si malaika. Siku ile ya mvua, mwaka juzi, ule mtungi wako haukuliwa na mtandao. Ni programu yangu. Niliiandika vibaya. Iliomba mitungi ya watu wa mlimani mara kumi na saba, ikamaliza yote, wewe ukakosa. Nilijua siku ya tatu. Nikanyamaza miaka miwili. Nisamehe."

Laini iko wazi. Kwa mbali kunasikika mtoto akilia na ndoo ikiburutwa. Mama Laini, aliyezoea kimya cha kwenye simu maisha yake yote, hakijazi kwa maneno. Anangoja.

"Saa ngapi?" mkunga anauliza hatimaye. Sauti imebadilika kabisa.

"Unasema?"

"Mitungi iliisha saa ngapi?"

Mama Laini hahitaji kutafuta. "Saa mbili na dakika ishirini na moja asubuhi. Wewe ulibonyeza saa tatu kasoro dakika tano. Nina karatasi ya kumbukumbu hapa."

Mkunga anaanza kulia, si kwa hasira, na maneno yanamtoka vipande vipande. Asubuhi ile, anasema, aliona mtungi unashuka akasema ngoja kwanza nimsaidie yule mama mwingine avae, dakika kumi tu, halafu nitaomba. Alipobonyeza akaambiwa mitungi imekwisha. Miaka miwili amejua moyoni kwamba angeomba kwa wakati angepata. Kwamba alichelewa. Kwamba zile saa tatu na dakika arobaini alikuwa anamlipa mtoto dakika zake kumi. Ameomba uhamisho kutoka wodi ya wazazi mara mbili, na hakumwambia mtu kwa nini.

"Hata ungeomba nusu saa kabla usingepata," anasema Mama Laini, naye machozi yanamtiririka sasa bila kufutwa. "Unanisikia? Hukuchelewa. Mitungi ilikuwa imeshakwisha."

"Rudia ile saa, dada."

"Saa mbili na dakika ishirini na moja."

"Tena."

Anarudia. Mkunga anaomba tena, na Mama Laini anarudia polepole, kwa sauti ileile ya opereta iliyounganisha watu kwa miaka thelathini na mmoja, bila kuonyesha kuchoka. Mwandishi alihesabu mara sita.

Walipoweka simu chini walikuwa wameshapanga. Jumamosi hii Mama Laini atapanda gari la kwanza na kuvuka mto, akiwa na ile karatasi ya kumbukumbu, kwa sababu mkunga anataka kuiona saa hiyo kwa macho yake. Ombi lake la tatu la uhamisho liko kwenye droo, amesema, halijatumwa, na Jumamosi watalichana pamoja. Baada ya kustaafu, Mama Laini anataka kuvizungukia vituo vyote hamsini na vinane, kimoja kimoja, akakae na wauguzi na kuwauliza ni mara ngapi wamejilaumu kwa jambo ambalo kumbukumbu za Bibi zingewaambia si lao.

Anamgeukia mwandishi, anapenga kamasi, anavaa miwani.

"Haya," anasema. "Sasa andika."